Mtumbwi wa Kusimama

Baba yangu alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha sukari kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akishika kafi. Alipostaafu tukarudi Ifakara, katikati ya miaka ya tisini, maji pekee aliyoshughulika nayo yalikuwa ya ndoo ya kuogea. Kwa hiyo asubuhi moja aliposema, huku akinywa uji wima mlangoni, kwamba anatafuta mtumbwi wa safari ndefu, mama aliweka mwiko chini akatoka nje.

Safari yenyewe ilikuwa ya harusi. Shangazi, dada yake mkubwa, aliishi na mumewe kando ya mto, upande wa Chita. Baada ya miaka thelathini na moja, watoto saba na wajukuu wa kutosha kujaza darasa, walikuwa wamekubaliana kubariki ndoa yao kanisani. Babu alikwishafariki, hivyo baba ndiye aliyetakiwa kumshika bibi harusi mkono na kumfikisha mbele ya padri.

"Si upande treni, baba?" nilimwuliza. Nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi, nipo likizo, na nilidhani kila tatizo lina jibu. "Treni inafika Chita."

"Treni ina viti," alijibu, akaenda kuosha kikombe.

Mama ndiye aliyeninong'oneza jikoni. Baba alikuwa na bawasiri, na mganga wa zahanati alimkataza kukaa kitako kwa majuma kadhaa.

"Basi asimame humo humo ndani ya treni."

"Nimemwambia. Anasema mtu mzima akisimama wakati viti vipo, abiria wataanza kuulizana. Kwenye mtumbwi kila mtu husimama, hakuna atakayeuliza."

Kesho yake tulikwenda mtoni, baba akiwa amekumbatia pima maji yake ya kiwandani, ile anayotumia fundi kujua kama kitu kimelala sawa, ameifunga kwenye taulo kama mtoto mchanga.

Fundi wa mitumbwi alikuwa Mndamba mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye aliiongelesha mitumbwi yake kwa upole kuliko wateja. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuweka tezo chini.

"Mnataka wa nini? Wa kuvua, wa kuvusha watu, au wa mpunga?"

"Wa kusimama," alisema baba.

Fundi akamtazama miguu. "Kusimama mpaka wapi?"

"Chita."

"Kwa kupandisha maji?"

"Ndiyo."

"Mzee mwenzangu, una haraka ya kufika au ya kufa?"

Hata hivyo alituonyesha wa kwanza, mrefu na mwembamba. Alisema huo hauhangaiki njiani, ukiuelekeza mbele unakwenda mbele, na kwa pigo moja la kafi unateleza mpaka unasahau kupiga la pili. Baba aliweka pima maji juu ya ukingo, akangoja kile kitone cha hewa kitulie katikati, akaridhika. Akavua viatu, akapanda, akasimama. Mtumbwi ulimponyoka chini ya miguu kama kipande cha sabuni. Alizama mpaka kifuani, pima maji akiwa ameiinua juu ya kichwa.

"Mtumbwi uko sawa," alisema huku maji yakimchuruzika masikioni. "Maji ndiyo hayako sawa."

"Maji haya yalikuwapo kabla ya hicho kidude chako," alisema fundi.

Wa pili ulikuwa mpana kama kitanda. Baba alisimama ndani yake kwa raha, mikono nyuma, kama mwenyekiti anayesubiri wanachama wanyamaze. Nami nikaingia nikapiga kafi. Kila nikipiga kulia, pua iligeuka kushoto. Baada ya mapigo kumi tulikuwa tunamtazama fundi tena, karibu zaidi kuliko tulivyomwacha.

"Huo ni wa kuvushia," alisema. "Ukienda nao Chita, harusi utaikuta imegeuka ubatizo."

Nadhani wakati huo alianza kumwonea baba huruma, maana alichuchumaa akachora kwa kidole kwenye tope. Wa safari ndefu, alieleza, uwe mrefu ili ushike njia, lakini pale unapokanyaga sakafu iwe bapa, si mviringo. Na pua iinuke kidogo ili ipande juu ya majani badala ya kuyachoma na kukwama.

"Nilichonga mmoja wa hivyo," alisema. "Ni wa mvule. Yupo mwanamke wa kilabu cha pombe aliukazania mpaka akaupata."

"Anasafiri?" aliuliza baba.

"Hapana. Anatilia pombe."

Tuliukuta chini ya kibanda cha makuti, umejaa pombe ya komoni hadi nusu, wanywaji wamekaa pande zote mbili wakichota kwa vikombe vya plastiki. Baba alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa na hajawahi kuingia kilabuni. Lakini alipouona ule mtumbwi alisahau uenyekiti. Alipita katikati ya watu, akafungua taulo, akalaza pima maji ukingoni. Wanywaji watatu, kwa kudhani ni bwana afya, waliondoka kupitia ukuta wa matete.

"Uko sawa au hauko sawa?" aliuliza mama mwenye kilabu, mikono kiunoni.

"Uko sawa kabisa, mama."

"Mmesikia?" aliwageukia wateja. "Halafu mnasema wa upande huu wanapata kidogo."

Alikubali kubadilishana na ule mpana wa fundi, ambao baba angeulipia, kwa kuwa ungebeba pombe nyingi zaidi. Sharti lake lilikuwa moja tu: iliyomo iishe kwanza.

"Mimi sinywi," alisema baba.

"Sijasema unywe. Nimesema iishe."

Iliisha kesho yake alasiri. Siku zote mbili baba alisimama kando ya nguzo, na mpaka leo naweza kumsikia mwenyekiti wa jumuiya akisema, "Mwongezeeni huyo, mbona kikombe chake kitupu?"

Tuliusugua mtumbwi kwa mchanga na majivu mara tatu. Harufu haikutoka. Fundi aliamua kufuatana nasi, maana alisema hawezi kuuacha mtoto wake mikononi mwa mtu mwenye kidude. Yeye akasimama nyuma na upondo mrefu wa kusukumia, baba mbele na kafi, mimi katikati juu ya gunia la chakula.

Siku tatu zilizopangwa zikawa tano. Siku ya kwanza baba alianguka mara nne. Ya pili, viboko walitulazimisha kungoja kwenye matete tangu asubuhi mpaka jua likawa la utosi. Na kila tulipopita dago, kambi ya wavuvi, upepo ulitutangulia na harufu, nao wakawa wanatusubiri ukingoni na vikombe mikononi, wakipiga kelele, "Leteni huku! Leteni huku!" Wengine walitukana tulipopita bila kusimama. Lakini kufikia siku ya tatu magoti ya baba yalikuwa yamejua kazi. Alikuwa akiimba nyimbo za kanisa na kupiga kafi kwa mapigo yake, na nikagundua kwamba sikuwahi kumwona akifurahia kitu chochote mchana kutwa.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Tulifika Jumapili jioni. Shangazi alikuwa amesimama ukingoni na gauni lake jeupe.

"Shikamoo dada," alisema baba.

"Marahaba. Unanuka pombe."

Ndoa haikufungwa. Padri alitusubiri mpaka akachoka, akaenda kwenye kigango kingine, mwendo wa saa tatu kwa kushuka mto, na Jumatatu mchana angeondoka huko pia.

"Mngefunga tu bila mimi," alisema baba.

"Nimengoja miaka thelathini na moja. Siku moja ndiyo itaniua?"

Kwa hiyo Jumatatu alfajiri tulishuka mto watu watano. Shangazi alikataa kukaa asikunje gauni, mumewe akakataa asiloweshe suti, na kwa mara ya kwanza nami nikasimama, kwa aibu tu. Tulimkuta padri akifunga mzigo wake kwenye baiskeli. Alitusogelea kwa tabasamu, kisha tabasamu likakoma.

"Nani amekunywa hapa?"

"Hakuna, Padri."

"Siwezi kufungisha ndoa ya watu waliolewa pombe. Kiapo hakishiki."

"Ni mtumbwi, Padri," alisema fundi.

Tulidhani atakasirika. Lakini alikuwa mtu wa kuhakikisha. Alishuka mpaka majini, akakunja kanzu, akainama hadi pua ikagusa mbao, akakaa hivyo kitambo.

"Komoni," alisema aliponyooka. "Ingieni kanisani."

Ndani walikuwapo wanakwaya wachache na mama mmoja aliyekuwa akifagia. Baba alimshika dada yake mkono, akatembea naye polepole, miguu ikiwa bado inayumba kana kwamba sakafu ya kanisa inaelea. Alipomkabidhi alilia waziwazi, na yule mama mwenye ufagio akapiga vigelegele peke yake mpaka akapaliwa.

Wakati wa kurudi shangazi alimnyooshea fundi mkono, na fundi, bila ubishi, akampa upondo. Alipandisha gauni, akalifunga kiunoni, akasimama nyuma. Mtumbwi ulikwenda moja kwa moja, bila kutikisika. Mumewe alikuwa amekwishasahau suti. Alikaa sakafuni karibu nami, anamtazama.

"Siku ya kwanza nilimwona hivi hivi," aliniambia. "Anapita na mtumbwi. Nikamwita, hakugeuka."

"Ikawaje?"

"Nikaogelea."

"Mamba hawakuwapo?"

"Siku zile?" alisema. "Wengi sana."