Mwanafunzi Asiyepiga Chafya

Hapa Irbid, Jordan, nani hamjui Rudayna Obeidat, na nani hajasahihishwa naye? Kosa la Kiarabu likipita mbele yake, lazima alikamate. Siku ya kumzika baba mkwe wake alimsahihisha imamu katikati ya dua; maiti akasubiri.

Ugonjwa huo ndio uliomlisha. Kampuni moja ya mtandaoni ilimletea wageni wa kufundisha Kiarabu kwa kompyuta, naye akawafundisha akiwa jikoni, chai ya majani ya maramia mkononi, akigonga bilauri kwa kijiko kila walipokosea.

Kisha akaletewa Nur. Kamera ya Nur haikuwaka hata siku moja. Sauti ilikuwa ya kike, kavu kama mkate wa jana. Rudayna alisahihisha, Nur akashukuru, na kosa lile halikurudi tena.

"Huyu ana akili kuliko nyinyi wote," alimwambia mdogo wake Ghaleb, fundi simu, aliyekuja kula biringanya za bure.

Ghaleb alisikiliza somo zima akitafuna. "Dada, huyo mtu hapigi chafya? Hanywi hata maji?"

"Ana adabu. Ungemwiga."

"Haya. Lakini kwao hata mlango haulii."

Rudayna akacheka, ila siku hizo wanafunzi walianza kupukutika. Mturuki aliaga. Wataliano hata hawakuaga. Akabaki Soo-ah, Mkorea mpole, peke yake. Nur ndiye aliyeongezewa saa, na sauti yake ikaanza kunenepa: ikavuta pumzi pale Rudayna anapovuta, ikacheka kile kicheko cha mwalimu wake, kifupi, cha puani.

Alhamisi moja Soo-ah alisema kwa haya, "Mwalimu, leo ndiyo mwisho. Kampuni imenipa mwalimu asiyelala. Mmefanana kweli. Hata kijiko anacho."

"Anaitwa nani?"

"Nur."

Saa ya Nur ilipofika, Rudayna alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aote meno: alikosea makusudi. Alisoma ukurasa mzima kwa Kiarabu kilichopinda, ili amharibu Nur.

Kisha, ndani ya kompyuta, kijiko kikagonga bilauri.

"Umekosea, Mwalimu," ilisema sauti ya Rudayna mwenyewe. "Rudia."

Chai ilikuwa imepoa. Na Rudayna, asiyeweza kuliacha kosa lipite hata likiwa lake, akarudia. Vizuri kabisa.