Gurudumu Lililopoa

Shemeji yangu ni fundi wa breki, na barabara yetu nzima humwita Kiganja. Karakana yake ni paa la mabati na sakafu ya saruji iliyolowa oili, imepakana ukuta kwa ukuta na duka langu la vipuri. Yaani alimchukua dada yangu, kisha akaja kunikalia mlangoni mchana kutwa. Nilimwambia hivyo siku aliyohamia. Akanijibu kwamba wa kuhurumiwa ni yeye.

Jina hilo lilitokana na kazi. Mtu akileta gari linalovuta upande mmoja likifunga breki, shemeji haulizi mengi. Huliendesha mwenyewe mpaka mwisho wa barabara na kurudi, akikanyaga breki njia nzima, kisha huchuchumaa na kuweka kiganja juu ya rimu, gurudumu baada ya gurudumu. Breki inayofanya kazi hupata moto. Gurudumu lililopoa limelala, na mwenzake ndiye anayelivuta gari. Likiunguza kupita kiasi, breki yake imekwama na haitaki kuachia. Mafundi wengine huachia usukani kidogo waone gari linaelekea wapi. Yeye huona huo ni uoga. Huushika kwa ncha za vidole na kudai kwamba zinamwambia kila kitu. Dukani ninacho kipimajoto cha kulenga kwa mbali, na nimembembeleza akitumie mpaka mdomo umeniuma. "Kampimie dada yako homa," hunijibu.

Kisukari chake kilianzia miguuni. Siku moja alivuka karakana yote akiwa ameacha ndala moja nyuma, bila habari. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, naye akacheka pamoja nasi. Dada yangu peke yake hakucheka. Ganzi hiyo ilipofika mikononi, shemeji hakumwambia mtu.

Ndipo akaja mkunga mmoja wa zahanati ya jirani na kigari chake cheupe.

"Fundi, nikikanyaga breki inanipeleka kushoto. Na hata nisipokanyaga naona kama inavuta kidogo."

"Hiyo ya pili ni wasiwasi tu, mama. Barabara yenyewe imeinama."

Shemeji alikwenda nacho, akarudi, akachuchumaa. Safari hii alikawia. Alishika la kushoto, akahamia la kulia, akarudia tena la kushoto. Mwishowe akasema la kulia limelala. Si ajabu kusema hivyo, kwa sababu gari likivuta kushoto mara nyingi mvivu ni wa kulia, na hata mimi muuza vipuri ningebahatisha vivyo hivyo. Akafungua breki ya kulia, akasafisha pistoni, akaweka pedi mpya kutoka dukani kwangu. Mkunga akaondoka, akarudi na malalamiko yale yale. Shemeji akabadilisha paipu ya mafuta ya breki, upande ule ule wa kulia.

Aliporudi tena, kigari kilikuwa na mkwaruzo ubavuni.

"Nimeparamia geti la zahanati," alisema. "Kina mama wajawazito walikuwa wamekaa pale pale kwenye benchi. Fundi, hii gari itaniulia mtu."

Shemeji hubishana hata na redio, lakini siku hiyo hakujitetea hata kwa neno moja. Alichukua ufunguo, akaenda. Nilitoka dukani nikasimama na yule mama, maana vipuri nilivyouza ni vyangu na aibu ilikuwa yetu sote. Gari liliporudi lilinuka pedi zilizoungua, harufu ambayo pale tumeizoea. Shemeji akachuchumaa kwenye gurudumu la kushoto, akalaza kiganja juu ya chuma na kukiacha hapo. Akatutazama kwa utulivu.

"Hili limepoa," akasema. "Halina neno."

Hapo nikasikia harufu nyingine, isiyotoka kwenye gari lolote. Mkunga alinitangulia. Alimkamata kiwiko akamvuta kwa nguvu, na sehemu ya ngozi ikabaki kwenye rimu. Shemeji aliutazama mkono, kisha akatutazama sisi, akingoja mmoja wetu amweleze kilichotokea.

Mkunga alimketisha juu ya tairi kuukuu na kumfunga bandeji aliyoitoa kwenye mkoba wake.

"Tangu lini huhisi kitu?"

"Tangu mvua zilipoanza."

"Na usukani, unausikia?"

Shemeji akatikisa kichwa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Hisia itarudi?"

"Hapana, baba. Tukijitahidi ganzi haitazidi. Ila iliyokwenda imekwenda."

"Basi mtafute fundi mwingine akufungulie breki ya kushoto, ndiyo iliyokwama. Miye nimekuwa nikilitibu gurudumu la kulia, nalo ni zima."

Kidonda kilichukua muda mrefu kufunga. Dada yangu sasa humpimia maji ya kuoga kwa kiwiko, kama mtoto. Kila asubuhi shemeji alikuja, akavaa ovaroli, akakaa. Nilimletea kile kipimajoto, na safari hii alikipokea. Kikasoma vizuri tu. Lakini kazi si kusoma joto peke yake. Nati aliikaza mpaka ikakatika, kwa kuwa hakujua imeshakaza. Wateja wakaanza kupita bila kusimama, na mimi nikajifanya siwaoni.

Juzi akaja dereva mmoja mzee wa teksi ambaye hamwamini fundi mwingine. Gari lake lilikuwa likivuta kulia. Aliendesha mwenyewe huku shemeji amekaa pembeni. Waliporudi nikaitwa.

"Shemeji, njoo. Niazime mkono."

Alinishika kifundo cha mkono, akakisogeza kiganja changu kwenye gurudumu la kulia, kisha la kushoto, akihakikisha nagusa kidogo tu nisije nikaungua.

"Haya, sema."

"Yote ya moto."

"Najua ni ya moto, bwana! Upi umezidi? Huu ni moto wa kazi au wa ugonjwa? Fumba macho. Usiwe na haraka."

Nilifumba macho. Nikagusa tena na tena, huku pumzi yake ikinipiga shingoni. Roho iliniuma, nilitamani nitaje upande wowote ili mradi afurahi. Lakini niliwakumbuka wale kina mama kwenye benchi.

"Sijui, shemeji. Kwangu ni moto tu."

Aliendelea kunishika kifundo kwa muda, kisha akaniachia. Akamwelekeza mzee kwenye karakana nyingine, akamsisitizia aende polepole na asikanyage breki ghafla. Gari lilipoondoka alivua ovaroli, akaingia dukani kwangu na kisanduku cha spana zake, akaanza kunipa moja moja nizipange kwenye rafu za kuuza. Mbili zilimponyoka zikaanguka chini, nikaziokota.