Skrubu za Mashine ya Hamdani

Vumbi la Dodoma mwishoni mwa kiangazi lina harufu yake. Ni harufu ya udongo uliookwa na jua, ya majani makavu ya mizabibu na samadi ya mbuzi iliyosagwa na upepo. Kwetu Ihumwa vumbi hilo lilipita chini ya milango, likatua kwenye mashuka na vyombo, na baya zaidi, likaingia kifuani mwa mdogo wangu Hamdani, aliyekuwa na pumu. Mwaka ule yeye alikuwa ameanza darasa la kwanza, mimi niko la sita. Kilichomwokoa kila alipobanwa ni mashine ndogo nyeupe, ukubwa wa tofali, iliyogeuza dawa kuwa mvuke akauvuta kwa barakoa. Baba, aliyefanya kazi ya reli huko Gulwe, ndiye aliyeinunua. Mama aliifunika kwa kanga kama anavyofunikwa mtoto mchanga.

Asubuhi moja mashine haikunguruma. Tulibadilisha soketi, tukatikisa waya, kimya. Mama akaibeba hadi kwa fundi redio wa pale senta, nami, binti yake Rukia, nikamfuata. Fundi aliigeuza, akajaribu bisibisi zake zote, hakuna iliyoingia. Zile skrubu zilitengenezwa makusudi zisifunguliwe na kila mtu.

"Mama Rukia, tuipasue hapa ubavuni," akasema. "Nikimaliza nitaibandika kwa gundi."

"Hii ndiyo pumzi ya mwanangu," mama akamjibu. "Haipasuliwi."

Mama alikuwa mshonaji, na cherehani yake aliifungua na kuifunga mwenyewe. Tulipofika nyumbani aliniambia nimulike tochi ndani ya vitundu vya skrubu. Niliona nyota, lakini si ile ya kawaida ya ncha nne. Hii ilikuwa na ncha sita, na katikati yake kimesimama kijiti chembamba kama sindano. Nilimweleza mama, akauliza ukubwa wake, nikashindwa kusema. Hapo ndipo liliponijia wazo ambalo hadi leo najivunia. Nilichonga kipande cha sabuni ya mche kikawa kama kidole chembamba, nikailowesha ncha, nikaikandamiza juu ya skrubu, nikaivuta taratibu. Ilitoka na nyota kamili, yenye tundu pale kilipoingia kile kijiti. Mama aliigeuza mwangani, akachukua mtandio wake. Hamdani tulimwacha kwa jirani, kifua kikianza kupiga filimbi.

Sokoni mjini tulizunguka vibanda vya vifaa mpaka tukampata kijana mwenye boksi la vichwa vya bisibisi vya kila umbo. Tulikuwa tumebeba mashine yenyewe ndani ya kikapu. Kichwa cha kwanza kilikuwa na ncha sita lakini hakina tundu, kikagonga kile kijiti na kugoma. Cha pili kilikuwa na tundu, kikaingia vizuri, na kijana akataka kukizungusha kwa nguvu.

"Subiri kaka," nikamwambia. "Kinacheza."

Mama alikishika, akakitikisa kidogo. Kweli kilicheza. Kingezungushwa kingekula kingo za nyota, na skrubu isingetoka tena maisha. Akalinganisha sabuni na kingine, kikubwa kidogo tu, akanikabidhi mimi. Kiliingia na kutulia kimya, kama ufunguo kwenye kufuli lake. Nikakandamiza, nikazungusha, na skrubu ikalia kidogo kisha ikalegea; nyingine zikafuata, na mama akakinunua kichwa kile. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Siku ile niliielewa methali hiyo kwa kiganja changu: kifaa kinachofaa ni kile ulicho nacho mkononi.

Ndani palikuwa na waya mmoja tu uliochomoka kwenye swichi. Tulirudi kwa fundi redio, akauunga kwa risasi iliyoyeyushwa, kwa furaha, akaomba aazimwe kile kichwa siku akikihitaji. Jioni upepo ulivuma, Hamdani akabanwa, na mashine ikanguruma. Alivuta mvuke akiwa amelala mapajani mwa mama, mabega yakashuka polepole. Mama alinitazama juu ya kichwa chake, akasema, "Mkono wako umetulia, mwanangu." Sijawahi kupewa zawadi iliyoipita ile.

Leo natengeneza vifaa vya hospitali hapa hapa Dodoma, na mkoba wangu una vichwa ambavyo enzi zile tusingevipata hata kwa kuzunguka mji mzima. Vijana hujifunza kufungua chochote kwa kutazama simu, na vumbi letu limepungua kidogo tangu lami ifike. Lakini kubwa lililobadilika ni jingine. Zamani mama alipotengeneza pasi ya jirani, watu walimsifu kwamba mwanamke huyu ana mikono ya kiume, na yeye alitabasamu tu. Mimi wodini nikiingia, muuguzi huwaambia wagonjwa, "Fundi amefika," kisha huendelea na kazi yake.