Mbwa Aliyeitika kwa Kiswahili

Siku nilipomleta yule mbwa nyumbani kwetu Ibra, mama alitoka mlangoni, akamtazama kuanzia masikio mpaka mkia, kisha akanigeukia mie.

"Huyu kala lini mara ya mwisho?"

Nilimweleza kwamba ni saluki, mbwa wa kuwindia, katupwa na wenyewe huko Bidiya, jangwani. Daktari wa mifugo mmoja wa Nizwa alimwokota, akamtibu mguu, na mie nikakubali kumchukua.

"Basi akae uani," mama akasema. "Ndani haingii, wala hanigusi. Nina sala zangu."

Daktari alikuwa amenionya: mbwa wa aina hii huwinda kwa macho. Akiona kitu kinakimbia, masikio huwa kama yamezibwa. Kabla ya kumwachia popote, lazima ajue kurudi akiitwa. "Na akikukimbia, usimfukuze," alisema. "Mpe mgongo, ukimbie kwengine. Atakufuata yeye."

Basi kila alasiri nikitoka kazini namfunga kamba ndefu, naingia naye kwenye shamba letu la mitende, mfukoni nina filimbi na minofu ya kuku. Napiga filimbi, akija, anapata mnofu. Siku za mwanzo alinitazama kwa adabu, halafu akageuka kuwatazama ndege. Nilijaribu kumwita kwa Kiarabu, nikidhani ndiyo lugha aliyokulia. Wapi!

Mama alikuwa akitutazama kutoka kivulini, akicheka mpaka anajifuta machozi. Siku moja akashindwa kuvumilia. "Unamwita kama askari wa barabarani! Nani atakuja?" Akapiga makofi, akalainisha sauti kama anaita mjukuu: "Njoo mama, njoo! Njoo mamaangu!"

Mbwa akaenda mbio, akasimama mbele yake, mkia unapepea.

"Alhamdulillahi," mama akasema, huku akirudi nyuma asiguswe. "Angalau humu nyumbani kapatikana mmoja wa kunifahamu." Wajukuu zake, akiwasemesha Kiswahili alichokulia ng'ambo ya bahari, humjibu kwa Kiarabu.

Tangu siku hiyo filimbi nikaiweka kando. Kuku akawa anachemsha mama mwenyewe, na chumvi hatii, maana alisikia haimfai mbwa.

Msimu wa baridi ulipoingia, tulikwenda Bidiya, tukatandika mkeka pembeni ya mchanga, tukamimina kahawa. Mbwa nilimshika kwa kamba yake. Mara sungura akachomoka kichakani, na kamba ikanichomoka mkononi. Sijapata kuona kiumbe akienda vile. Miguu kama haigusi chini. Niliita, nikaita tena. Alizidi kuwa mdogo. Mbele kulikuwa na njia ya magari ya jangwani, nami nimesimama pale pale, naita tu.

Mama hakungoja. Alikiweka chini kikombe, akapandisha kanga, akaupa mgongo mchanga wote ule na kuanza kukimbia upande wa pili, mwanamke mwenye magoti mabovu, akipiga makofi: "Njoo mama, njoo!"

Mbwa akasita juu ya kilima cha mchanga. Akamtazama sungura, akamtazama mama. Kisha akageuka, akateremka na kamba inamfuata, akanipita mie kama hanijui. Alipomfikia mama wakaanguka pamoja, na mbwa akamlamba uso mzima.

Nilikimbilia huko nikiogopa kaumia. Nikamkuta kalala chali mchangani, anacheka hata hawezi kusema.

"Mama, umeumia?"

"Niache! Umeona alivyorudi? Umeona?" Akamshika mbwa masikio yale yenye manyoya marefu, kwa mikono yake miwili. "Sasa n'takoga mpaka n'chubuke. Lakini kaja, mwanangu! Kaitwa, kaja!"

Njiani kurudi alimpigia simu dada yake aliyeko Sur kumhadithia. Tulipokaribia Ibra, sungura katika hadithi yake alikuwa keshageuka paa, na mie, kwa mujibu wa mama, nilikuwa nalia.