Zahanati Ilipofunga Mlango wa Mtandao

Juzi nilikuwa kwenye zahanati moja Kicukiro, nikingoja majibu ya vipimo, mara mhudumu wa kaunta akashika kichwa. Alikuwa amefungua tovuti yao mpya kwa simu yake, akitafuta ukurasa wa miadi, akakuta mafaili ya wagonjwa.

"Dada, njoo! Mafaili yote iko nje!" alimwita fundi wa mtandao.

Fundi alichomoa waya wa intaneti kwanza, kisha akaketi. "Seva ya wagonjwa haitaongea tena na watu wa nje," alisema huku akichapa. "Naweka proksi mbele yake, kama mlinzi wa getini. Wageni wataishia hapo, waone miadi tu. Fayawoli itazuia njia nyingine zote."

Akarudisha waya. Mhudumu akajaribu tena, mkono kifuani. Miadi ikafunguka. Kwenye mafaili pakaandikwa: "Huruhusiwi."

"Na walioingia kabla?"

"Nimeangalia. Ni wewe peke yako."

"Imana ishimwe! Mungu asifiwe!" Akaketi, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Neno hilo "huruhusiwi" hutuudhi sana maofisini. Siku hiyo, sisi wenye magonjwa yetu ndani ya mafaili yale, tulilipigia makofi.