Jioni Niliyomchua Mabula, Mkwe Akiwa Nyuma ya Pazia

Nikiikumbuka jioni ile mpaka leo viganja vinatoa jasho, mwanangu. Najua unacheka. Unasema huyu naye uzee kauanza lini, juzi tu tulikuwa tunafukuzana na ndama kule Nkololo. Cheka. Lakini mtoto wako hata kitovu hakijadondoka, na wangu anatembea, keshanivunjia simu. Kwa hiyo hapa mzee ni mimi. Kaa unisikilize.

Mabula alikuwa na miezi mitatu. Limi, mama yake, akaungua na uji, mkono wa kulia wote ukafungwa bandeji. Mama yake Limi akaja kutoka Sapiwi kutusaidia. Sasa si unajua, kwetu mkwe ni mkwe. Sikai naye, sili naye, nikimwona njia hii napita ile, hata kama ile ina matope. Na nyumba yenyewe vyumba viwili! Nikawa nashinda nje kama kuku.

Kila jioni yule mama alimchua mjukuu wake kwa mafuta, na Mabula akilala kama gunia la mpunga. Asipochuliwa, analia mpaka majirani wanakuja kuuliza kafa nani. Basi pamba ikapasuka huko Sapiwi, mkwe ikabidi arudi kuichuma. Akamwambia Limi, kwa sauti ya kunifikia mimi uani:

"Mwambie baba Mabula leo amchue yeye, nisikie. Akishindwa, kesho nawachukua wewe na mjukuu wangu, mtarudi mkono ukipona."

Mwanangu, nilipoa. Ningebaki naongea na sufuria.

Jioni mkwe akakaa chumbani, nyuma ya pazia. Mimi sebuleni kwenye mkeka, nepi niliyomvua Mabula nimeiweka pembeni, na mwenyewe ananitazama kama mwalimu anayesahihisha madaftari. Limi kasimama katikati yetu kama mkalimani, ingawa wote tulikuwa tunasikiana vizuri tu.

"Mwambie apashe mikono kwanza."

"Baba Mabula, mama anasema upashe mikono."

"Mwambie nimesikia."

"Mama, anasema kasikia."

Nikasugua viganja, nikamimina mafuta. Nikamimina kweli. Mabula akawa kambale wa Kalemela, nikimshika hapa anatokea pale.

Pazia likasema, "Mwambie ni matone! Mtoto hakaangwi."

Sasa mimi, mwanangu, maishani mwangu nilishamchua kiumbe mmoja tu, yule maksai wa baba, akitoka kulima na shingo imevimba kwa nira. Pale unaweka nguvu zako zote, na akikurushia teke ujue umepapata. Nikakunja mikono ya shati, nikamshika Mabula begani. Yowe alilopiga!

"Limi, muulize huyo kijana, anachua au analima?"

Limi alikuwa kaegemea ukuta anacheka mpaka bandeji inatikisika.

"Mwambie hiyo si shingo ya ng'ombe! Mkono uteleze tu, kama anamfuta machozi. Miguu, mgongo, tumbo alizunguke polepole. Viungo asivivute. Utosini asiguse. Akilia aache, ambebe, mpaka atulie."

Nikambeba. Alipotulia nikaanza upya, mkono mwepesi mpaka nikaona kama sifanyi kitu. Mdomo nao, sikuutuma, ukaanza ule mluzi wa chini tunaowapigia ng'ombe wakinywa maji. Mabula akasikiliza. Ngumi ikafunguka, kidole kimoja kimoja. Akanichekea kwa fizi, akalala.

Limi alikuwa katoka kuanua nguo. Ndani kimya.

"Limi?" pazia likaita. "Limi! Mbona mtoto kanyamaza?"

Kumjibu mkwe mwenyewe siwezi. Kumwita Limi siwezi, mtoto ataamka. Nikanyamaza na mimi.

Pazia likafunguka, mkwe huyo mbio. "Kamuua! Mayu wee, kamuua!" Tukagongana macho, yeye pale, mimi hapa. Nikanyakua nepi nikajifunika uso. Na yeye akajifunika kanga. Limi akatukuta hivyohivyo, watu wazima wawili tumefunika nyuso, mtoto katikati anakoroma.

Kutoka ndani ya kanga ikaja sauti: "Limi, mwambie huo mluzi asiuache."

Asubuhi boda ilikuja ikambeba mkwe peke yake. Mimi nilikuwa nyuma ya zizi. Akaligeukia zizi, akatoa salamu yetu ya asubuhi, "Mwangaluka, ng'ombe wangu mwenye miluzi." Na zizi likaitikia.

Kwa hiyo mwanangu, usiseme eti mikono yako ni ya jembe, kazi hiyo ni ya wanawake. Ipashe. Mafuta kidogo. Asiwe katoka kunyonya sasa hivi. Ukishika kwa nguvu hutasikia kitu, ukishika taratibu mtoto mwenyewe atakuonyesha anapopapenda na asipopapenda, nawe umtii, maana pale bosi ni yeye. Na uanze sasa, usingoje mama yake aungue.

Mungu akupe mikono myepesi, mtoto wa kulala, na mkwe mwenye sauti ya kupenya pazia. Na siku utakayojifunika nepi usoni, mwanangu, akujalie iwe safi. Yangu haikuwa.