Mizeituni Iliyoziba Mlango wa Jua

Asubuhi ya Januari, barafu nyembamba bado imegandia majani. Hermínia Falé, mchungaji wa kondoo wa miaka sitini na minane, anainama na kuingia katika anta, kaburi la mawe makubwa walilolijenga watu wa kale. Amepakata mwanakondoo aliyezaliwa muda si mrefu. Bado amelowa maji ya uzazi, anatetemeka.

Anamlaza kwenye nyasi kavu, kisha anageukia mlangoni kungoja jua. Halifiki.

Kwa wachungaji wa hapa Alentejo, Ureno, makaburi haya ndiyo mazizi ya kuzalishia kondoo. Milango yake karibu yote inatazama jua linakochomoza.

"Bibi yangu alizalishia humu, mama naye humu," anasema Hermínia. "Jua la asubuhi lilikuwa linaingia mpaka ukutani kule nyuma, linamkausha mtoto. Kwa nini wazee walijenga hivyo, waulize wenyewe. Sisi tulifuata joto."

Miaka minne iliyopita shamba liliuzwa kwa kampuni ya mizeituni. Sheria inalinda mawe, na kampuni haikuyagusa. Ilipanda miti iliyobanana kama ukuta mbele ya mlango, nje kidogo tu ya mpaka uliowekwa. Sasa miti imempita mtu kimo. Zamani Hermínia alipoteza wanakondoo wawili au watatu kila majira ya kuzaa. Safari hii wamekufa kumi na mmoja.

Aliyeendesha trekta la kupandia ni Belmiro, mtoto wa kaka yake. Leo amemletea mkate na supu ya kitunguu saumu.

"Shangazi, si ununue taa ya joto? Mbishi kama beberu!"

"Niichomeke wapi, puani mwako?"

Belmiro anacheka, kisha anamwona mwanakondoo na kicheko kinakatika. "Waliniambia nisiguse mawe. Sikuyagusa."

"Hukuyagusa, mwanangu. Kula, supu inapoa."

Mwanakondoo ameacha kutetemeka. Hermínia anamgusa shingoni, hakuna mapigo, kisha anamfunika gunia mpaka kichwani.

Ng'ambo ya kijito, katika shamba la jirani mjane, kuna anta nyingine iliyomezwa na miiba. Jana asubuhi Hermínia alikwenda kuitazama. Jua liliingia. Ni ndogo, haitoshi kundi lote, hivyo nusu ya kondoo atawauza. Waliobaki anataka wazalie huko majira yajayo.

"Nitakuja na trekta, Shangazi, niing'oe hiyo miiba siku moja tu."

"Njoo na panga," anasema Hermínia. "Trekta liache nyumbani."